Jembe la Siku ya Tatu

Usiku mmoja wa Mei 2024, ukungu ulipokuwa umekwisha kuteremka kutoka msitu wa Ngangao na kuifunika Werugha hata taa ya jirani isionekane, simu yangu ililia, na upande wa pili alikuwa binti wa kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi sasa anauguza wagonjwa nchini Uingereza na amekwisha kupewa idhini ya kukaa huko daima. Aliniamkia, nami nikamwitikia marahaba. Kisha akanyamaza kwa kitambo kirefu kuliko desturi yake, maana ni mtu wa maneno mengi. "Shangazi," akasema mwishowe, "wewe ulistahimili vipi?"

Kadhia yake niliijua. Mwaka uliotangulia aliolewa na kijana wa Mwatate, arusi tuliyoila sote mpaka alfajiri, na tangu siku ile alikuwa akikusanya hati za kumwita mumewe amfuate. Sheria ya Uingereza tangu Julai 2012 ilimtaka mkaazi amwitaye mume au mke wa kigeni athibitishe kwamba pato lake kwa mwaka halipungui pauni 18,600. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kikapandishwa kwa mkupuo mmoja hadi pauni 29,000. Binti huyo, ambaye saa zake za kazi zilikuwa zimepungua kwa sababu ya masomo, alikuwa na mshahara uliosimama baina ya tarakimu hizo mbili, juu ya ile ya jana na chini ya hii ya leo. Alikuwa amechelewa kwa majuma machache tu.

Nilimwambia asikate simu. Niliinuka, nikavuta chini ya kitanda mkebe wa bati uliopata kuwa wa biskuti, nikaufungua. Wakaazi wa nchi za joto hawaujui uadui ulioko baina ya karatasi na milima: huku kwetu ukungu huingia kabatini kama mwana wa nyumba, na cheti kisichofungwa katika plastiki huota kuvu kabla mwaka haujapinduka. Nilijifunza hayo mwaka 1988, siku nilipokikunjua cheti changu cha ndoa mbele ya karani na wino wa muhuri ukanibakia kidoleni. Tangu hapo mkebe huu umehifadhi kila barua, kila stakabadhi na kila picha ndogo ya mume wangu, ambazo ukizipanga kwa mfuatano utaona nywele zake zikianza nyeusi na kuishia nyeupe, naye katika hati zote hizo ameandikwa kwa neno moja lisilozeeka: mgeni.

Nilizaliwa hapa Taita mwaka 1957. Watu wa Taita na watu wa Upare, ambao milima yao huinuka ng'ambo ya Ziwa Jipe, walikuwa wakitembeleana na kuuziana mali kabla Waingereza na Wajerumani hawajagawana nchi hizi mwaka 1886 kwa mstari ulioiacha Taveta upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Machoni petu mstari huo ulikuwa mwepesi mpaka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hata Novemba 1983. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana niliyepelekwa kufundisha Taveta, na katika magulio ya kwanza baada ya mpaka kufunguliwa ndipo nilipomwona mtu wa Usangi, huko Upare, aliyeuza vitunguu bila kupiga kelele. Nilinunua vitunguu vingi kuliko nilivyoweza kula. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 1985.

Mume wangu alikuja Werugha na ujuzi wa kwao. Wapare ni hodari wa kuongoza maji. Hujenga mabwawa madogo waitayo ndiva, yakakusanya maji ya mfereji na kuyagawa mashambani kwa zamu, na zamu hizo huheshimiwa kama ahadi. Hakumaliza mwaka wake wa kwanza kabla hajaifanya chemchemi, iliyokuwa ikipotea bure chini ya shamba la baba yangu, imwagilie kabichi za nyumba nne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na majirani zetu, waliomwita Mpare wa Mwalimu, walimpa jembe hata siku ya tatu haijafika. Iliyochelewa ilikuwa ni serikali.

Miaka miwili baadaye kaka yangu, ambaye katika arusi yetu macho yake yalikuwa yamemwangukia binti wa ami yake mume wangu, naye akaoa Usangi, na binti aliyenipigia simu usiku ule ni matunda ya ndoa hiyo. Basi wakawa watu wawili wa ukoo mmoja, waliolelewa katika mlima mmoja na kuvuka mpaka mmoja, wanakaa katika kijiji kimoja, na nyumba zao zinatenganishwa na boma la mawe la kimo cha mtoto. Katiba ya zamani ya Kenya, katika kifungu chake cha 91, ilimpa mwanamke aliyeolewa na raia mwanamume haki ya kuandikishwa kuwa raia; wifi yangu aliomba, na haikupita miaka miwili akapewa. Juu ya mwanamume aliyeoa raia mwanamke katiba hiyo ilinyamaza, na katika mambo ya uraia kimya cha sheria ni kukataa. Wifi akawa Mkenya. Mume wangu akabaki mtu wa kibali, nacho ni kitu kinachoombwa, kikangojwa, kikalipiwa, kikaisha, kikaombwa tena.

Ilinichukua miaka mingi kulifumbua fumbo hili, na ningependa kumrahisishia msomaji safari hiyo. Nilikuwa nikidhani kwamba sheria za wageni humpima mgeni: tabia yake, kazi yake, afya yake, nia yake. Lakini kama zingempima mgeni, hawa wawili wangalipewa jawabu moja. Walitofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni mkono waliokuja wameushika. Sheria haikuwa ikiuliza Mpare huyu ni nani. Ilikuwa ikiuliza mimi ni nani, na neno langu lina uzito gani nisimamapo mbele ya nchi yangu na kusema kwamba mtu huyu ni wangu. Kaka yangu aliposema neno hilo lilitosha. Niliposema mimi, niliyezaliwa na tumbo lile lile alilozaliwa yeye, halikutosha.

Nakumbuka siku moja katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa kuwa aliyenitia uchungu ni mtu na si jengo. Nilikuwa nimetoka nyumbani saa tisa za usiku, tukateremka kwa gari la mizigo ya mboga kupitia Wundanyi na Mwatate hata Voi, na huko nikapanda basi; na adhuhuri nilikuwa dirishani, karani akizipekua karatasi zangu kwa kidole alichokilowanisha ulimini, moja moja, kama mtu ahesabuye fedha za mwenziwe. Alipofika ya mwisho aliziweka sawa, akanitazama. "Mwalimu," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "kwa nini usimfuate mzee kwao? Mke ndiye afuataye." Njiani nilikuwa nimejiandalia majibu mengi ya fasaha, lakini pale dirishani sikupata hata moja, kwa sababu maneno hayo hayakuwa mageni kwangu: ndiyo aliyoyasema baba yangu mzazi siku ya kupokea mtamba wa mahari. Sheria ile haikudondoka kutoka mbinguni, wala si haki kuwatwika wakoloni peke yao mzigo wake wote. Sehemu yake ilitoka vinywani mwa wazee wetu wenyewe, ikapigwa chapa, ikaturudia ikiwa na muhuri.

Taabu ya watoto ilizidi ya mume. Mwana wetu wa kwanza alizaliwa Wesu, hapa hapa Taita, mwaka 1986. Wa pili, mwaka 1989, nilikuwa nimekwenda Usangi kumuuguza mama mkwe, uchungu ukanishika kabla ya siku zake, nikajifungulia Moshi. Katiba ya wakati huo ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya ni raia ikiwa mmoja wa wazazi wake ni raia. Lakini aliyezaliwa nje ya Kenya alikuwa raia ikiwa baba yake ni raia, na mama hakutajwa. Hivyo watoto wangu wawili, walionyonya ziwa moja na kulala kitanda kimoja, walikuwa wa nchi mbili. Kijana alipotimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu akapata kitambulisho chake pasipo neno. Mwaka 2007 dada yake alikwenda na wenzake wa darasa moja. Jioni wao walirudi na wino vidoleni, naye akarudi na vidole safi. Hakulia. Aliingia jikoni, akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu, akaanza kuponda kimanga cha usiku.

Siku zile nilitafuta kujua kama ni sisi tu duniani. Nikaona kwamba huko Botswana mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, alikuwa na watoto watatu, wa kwanza aliyezaliwa kabla ya ndoa akiwa raia na wawili waliozaliwa ndani ya ndoa wakinyimwa, kana kwamba nikahi ni kosa linalowaadhibu watoto. Akaishtaki serikali yake, akashinda mwaka 1991, na mahakama ya rufani ikauthibitisha ushindi wake mwaka 1992. Nikaona pia kisa kingine, nacho ni darasa la tahadhari. Wanawake watatu wakaazi wa Uingereza, waliozuiwa kuwaita waume zao ilhali wanaume waliruhusiwa kuwaita wake, walipeleka shauri lao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1985 mahakama ikatamka kwamba walibaguliwa kwa ajili ya jinsia yao. Serikali ya huko ikatii, lakini ilitii kwa njia yake: haikuwafungulia wanawake mlango uliokuwa wazi kwa wanaume, bali iliuzidisha ugumu wa mlango wa wanaume ukalingana na ule wa wanawake. Mizani ikasimama sawasawa kwa kupunguza huku, si kwa kuongeza kule. Aombaye usawa na aseme waziwazi ni usawa wa namna gani autakao.

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo lingenipendeza kulificha. Katika miaka ya vibali, mwaka mmoja wa ukame, tuligombana mimi na mume wangu juu ya fedha za kabichi, ugomvi wa kawaida wa watu waliochoka, naye aliponishinda kwa hoja, kwa kuwa kweli ilikuwa upande wake, nilimwambia: "Usisahau kibali chako kinakwisha Juni, na usisahau ni nani aandikaye barua." Hakujibu. Alichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka katika ukungu, na usiku kucha nikasikia maji yakigeuzwa kutoka tuta hadi tuta, zamu zisizokuwa zake na zilizokuwa zake. Asubuhi nilimwomba radhi, naye akanisamehe kwa kuniuliza kama chai iko tayari. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba sheria iliyomdhulumu yeye ilikuwa imenipa mimi fimbo. Na kwamba kila kanuni inayomfanya mke au mume akae nchini kwa hisani ya mwenziwe huweka askari ndani ya chumba cha kulala, hata kama askari huyo ni mwalimu wa shule ya msingi anayempenda mfungwa wake.

Tarehe 4 Agosti 2010 nilisimama katika mstari wa kura ya maoni juu ya katiba mpya. Mume wangu hakuwa na haki ya kupiga kura, wala binti yetu. Walikaa juu ya boma la mawe nje ya kituo, yeye akinishikia mwavuli na binti akinishikia mkoba, nami nikaingia kuwapigia wote wawili katika karatasi moja alama ya kijani. Tarehe 27 mwezi huo huo katiba ilitangazwa rasmi. Kifungu cha 14 kikamfanya raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye mama au baba yake ni raia, popote azaliwapo, na kikawarudia hata waliozaliwa kabla yake. Kifungu cha 15 kikampa mtu aliyekaa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba haki ya kuandikishwa, bila kutenga mume na mke. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 ikaweka masharti: ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa nchini, isiwe ya hila, na wenyewe wawe bado wanaishi kama mume na mke. Binti yangu alirudi kwa chifu. Jioni hiyo hakunawa mikono mpaka sote tulipokwisha kuutazama wino.

Wengi hudhani kisa kinakoma hapo. Mwaka 2012 nilimwandalia mume wangu hati za kuomba uraia, na wakati huo ndoa yetu ilikuwa ya miaka 27, karibu mara nne ya kipimo kilichotakiwa. Alizisoma taratibu, akavua miwani. Kenya sasa iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Tanzania haikuuruhusu kwa mtu mzima. Kuupokea huu kulikuwa ni kuuacha ule. "Mwalimu," akasema, "wazazi wangu wamelala Usangi. Nikienda kuwapalilia makaburi, niende kama mgeni?" Nilifungua kinywa nimjibu, nikakifunga. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepigania haki ya kuingia, wala sikuwahi kumwuliza kama alitaka kutoka alikokuwa. Tukaomba badala yake ukaaji wa kudumu, ambao sheria ya mwaka 2011 humpa mwenzi wa raia baada ya miaka mitatu ya ndoa. Haki ya uraia hakuitumia, lakini kuwa nayo mkononi na kuiacha kwa hiari yake ni jambo jingine kabisa na kunyimwa. Nilimwona akitembea kwa namna nyingine.

Kisha, tarehe 28 Novemba 2017, tukisikiliza redio, Rais Uhuru Kenyatta, katika siku ya kuapishwa kwake kule Kasarani, aliwaambia watu wa Afrika Mashariki kwamba watahitaji kitambulisho tu ili wafanye kazi Kenya, wafanye biashara, wamiliki mali, walime, na hata waoe na kukaa, wakimpata wa kuwaridhia. Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe tungengoja miaka 32 tu," akasema. Nami nilicheka, ila hotuba si sheria, na mkebe sikuutupa.

Haya yote nilimsimulia binti wa kaka yangu usiku ule. Nilimweleza pia habari za Thailand, ambako mume mgeni wa raia wa huko, ili aongezewe kibali cha mwaka, hutakiwa aonyeshe baht 400,000 katika benki au pato la baht 40,000 kwa mwezi, na kila siku 90 aripoti mahali anapokaa. Na ambako kwa sheria ya mwaka 1965 mke mgeni wa raia amefunguliwa njia fupi ya uraia, naye mume mgeni hupita njia ndefu. Nchi hubadilika, nikamwambia, vipimo vikabadilika majina, lakini karani ni yule yule. Mimi aliniuliza kama ni mwanamume. Wewe anakuuliza kama ni tajiri. Wala hamuulizi mume wako neno.

Sisemi kwamba dola haina haki ya kuuliza. Ndoa za hila ziko, na mwenye nyumba anayefungua mlango bila kuuliza nani anabisha hana insafu kwa wanawe. Lakini vipimo havilingani kwa uadilifu. Miaka saba ni mingi kwa aingojaye, ila ni kipimo ambacho tajiri hawezi kukinunua na maskini hawezi kukikosa, na mwenye hila aghalabu huchoka kabla hajakifikia. Ilhali kipimo cha fedha humwacha mlaghai mwenye akiba apite, kikamzuia muuguzi mkweli aliyepunguza saa za kazi ili asome.

"Kwa hiyo nifanye nini, shangazi?" akauliza.

Nilimwambia afanye mambo mawili. La kwanza, karatasi zote azitie katika plastiki, azihifadhi pakavu, na asiitupe hata moja, maana kanuni iliyombana leo itabadilika, na siku hiyo atakayefaidika ni aliye na ushahidi. La pili, ambalo ni gumu, swali la karani aliache dirishani kwa karani. Asimruhusu mumewe aione nafasi yake katika nyumba kuwa ni zawadi itokayo katika mshahara wake. Na siku watakapogombana, kwa kuwa watagombana, awe na ulimi mzito kuliko wangu.

Alinyamaza, kisha akasema kitu ambacho sikukitazamia: kwamba wakati akiwa mtoto, upande wa pili wa boma la mawe, alisikia maji usiku ule wa ugomvi wetu, akamwuliza mama yake ni nani anamwagilia mvua isiponyesha, na mama yake, mzaliwa wa Usangi, Mkenya kamili kwa muhuri, akamjibu, "Ni mjomba wako, anatafuta zamu yake."

Nilipoikata simu kulikuwa kumekaribia kucha. Mume wangu, ambaye siku hizi hulala kidogo, alikuwa ameketi kitandani akiutazama mkebe uliokuwa wazi baina yetu. Aliuliza nani amepiga, nikamwambia. Akauliza ni kiasi gani wanachotaka wale watu, nikamtajia. Alitikisa kichwa, akaokota moja ya zile picha ndogo, akamtazama yule kijana mweusi wa nywele kama atazamaye jirani wa zamani, akairudisha mahali pake na kukifunga kifuniko. Halafu akavaa makoti yake mawili, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka; maana ilikuwa ni zamu yetu ya maji.